Merry Christmas: salamu ya walevi au ya mfungwa?

Desemba iliyopita kwaya yetu ilichora bango la kitambaa la kutundika mlangoni mwa kanisa. Vijana waliandika 'Merry Christmas' kwa herufi nyekundu, wakazizungushia nyota. Bango halikumaliza hata siku mbili. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alitubakiza baada ya mazoezi akasema kwa upole: "Wanangu, hilo neno merry ni la walevi. Andikeni Heri ya Krismasi." Hatukubishana naye. Bango likashushwa.

Hayo hayakuwa mawazo yake peke yake. Kila mwaka, sikukuu inapokaribia, ujumbe uleule huzunguka kwenye simu zetu: kwamba 'merry' ni kuchangamka kwa pombe, kwamba salamu hii ilizaliwa kwenye vilabu vya Uingereza, na kwamba Mkristo anayeitamka anamtakia mwenzake ulevi siku ya kuzaliwa Bwana. Huandamana na mwingine, ule unaosema kuandika 'Xmas' ni kumfuta Kristo katika sikukuu yake. Huo wa pili haunichukui muda. X ile ni herufi ya Kigiriki inayoanza jina la Kristo, na Wakristo wenyewe ndio waliolifupisha jina hilo hivyo kwa karne nyingi. Hili la 'merry' ni zito zaidi, kwa sababu wanaolisema wameshika ukweli, ila wameushika nusu.

Nianze na nusu yao. Kiingereza cha leo, hasa cha Uingereza kwenyewe, humwita 'merry' mtu aliyekunywa kidogo hadi uso ukachangamka. Kamusi zinalitambua hilo. Na maneno ya sherehe hutumbukia kwenye pombe kwa urahisi. Waingereza walikuwa na salamu nyingine ya majira hayo, 'wassail', ambayo kwa asili ilimaanisha 'uwe mzima', dua ya afya tu. Kwa kuwa ilitamkwa watu wameshika vikombe, jina likahamia kwenye kinywaji, kisha likawa jina la unywaji wenyewe. Wanaoipinga 'merry' hawautumii mfano huu, lakini ndio silaha yao kali kuliko zote: hapo dua iligeuka pombe kweli.

Wala hofu yao haikuanza na simu. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, na washirika wao, lilifuta sikukuu ya Krismasi pamoja na Pasaka na Pentekoste. Ng'ambo ya bahari, koloni la Massachusetts mwaka 1659 liliweka faini ya shilingi 5 kwa atakayekutwa akiisherehekea, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Walisema siku hiyo haikuagizwa na Maandiko, na kwamba watu waliigeuza kuwa siku ya ulafi, kamari na vileo. Mtu anaweza kuyakataa makatazo yao, lakini waliyoyaona hayakuwa ya kubuni.

Mzee wetu hahitaji historia hiyo. Anaijua Desemba ya mtaani: mshahara unaotoka mapema, baa iliyotundika 'Merry Christmas' juu ya kaunta tangu wiki ya kwanza, baba anayerudi nyumbani tarehe 26 bila ada ya Januari mfukoni. Wenzetu wa Kenya wameshaupa mwezi unaofuata jina lake, Njaanuari. Mtu aliyekaa na familia za namna hiyo, akapatanisha mume na mke sebuleni kwao usiku, ana haki ya kulichukia neno analoliona limeandikwa juu ya chupa. Simlaumu.

Ila ule ujumbe unadai jambo kubwa kuliko matumizi mabaya. Unadai kwamba salamu imezaliwa pabaya. Hapo ndipo ninapokataa, kwa sababu ipo barua.

Iliandikwa tarehe 22 Desemba 1534 ndani ya Mnara wa London. Mwandishi ni John Fisher, Askofu wa Rochester, mwanachuoni na mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, mtu ambaye mwaka 1509 ndiye aliyehubiri kwenye mazishi ya Mfalme Henry VII. Sasa mtoto wa mfalme yule, Henry VIII, amemtia kifungoni. Kosa lake ni kukataa kuapa kama mfalme alivyotaka, baada ya mfalme kumwacha Malkia Catherine na kumwoa Anne Boleyn. Fisher ana umri wa miaka sitini na kitu, yumo gerezani tangu masika, na barua anamwandikia Thomas Cromwell, katibu wa mfalme, yule ambaye mambo yote ya ufalme yalipitia mikononi mwake.

Naomba tukae kidogo na barua hiyo, maana wengi wanaobishana juu ya salamu hii hawajawahi kusomewa. Fisher anasema hana shati wala shuka, wala nguo nyingine za lazima, isipokuwa zilizochakaa na kuchanika kwa namna ya aibu. Anaongeza kwamba angeyavumilia hayo kwa urahisi, mradi matambara hayo yangempasha mwili joto. Chakula nacho, Mungu anajua kilivyo haba mara nyingi. Kwa uzee wake tumbo halipokei ila vyakula vya aina chache, na akivikosa hudhoofika mara moja, kikohozi na maradhi vikamwingia. Kisha anaomba mambo mawili mengine. Apewe padri mmojawapo aliye mle Mnarani amwungamishe kabla ya sikukuu takatifu. Na aazimwe vitabu vya kumwamshia ibada katika siku hizo, kwa faraja ya roho yake.

Baada ya maneno hayo ndipo anapofunga barua, akimwombea Cromwell kwamba Bwana Mungu ampelekee 'a merry Christmas, and a comfortable', Krismasi ya heri na ya faraja, kama moyo wake unavyotamani.

Hii ni miongoni mwa mara za mwanzo kabisa zinazojulikana ambapo maneno hayo mawili yameandikwa pamoja kama salamu. Nitafute pombe wapi ndani yake? Huyu ni mzee asiye na shati katikati ya majira ya baridi ya London, anayeomba kuungama. Tarehe 22 Juni 1535, miezi sita kamili tangu siku ya barua, alikatwa kichwa. Mwaka 1935 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu pamoja na Thomas More, aliyeuawa wiki mbili baada yake kwa msimamo uleule.

Najua jibu litakalotolewa. Mtu atasema ni adabu ya barua tu, maneno ya mwombaji anayelainisha moyo wa mwenye funguo. Sawa, tuchukulie hivyo. Lakini maneno ya adabu ni yale ambayo watu wameshayazoea. Kama askofu, akiwa anajiandaa kwa kitubio na huenda kwa kifo, aliona 'merry Christmas' ni maneno yanayofaa kukaa sentensi moja baada ya ombi la kuungama, basi kwa masikio ya wakati wake hayakuwa na harufu ya kilabu. Wangeyasikia hivyo, yeye angekuwa wa mwisho kuyaandika. Kadiri unavyosema ilikuwa desturi tu, ndivyo unavyoonyesha kwamba desturi yenyewe ilikuwa safi.

Neno lenyewe linathibitisha hivyo. 'Merry' katika Kiingereza cha kale lilikuwa ni kupendeza, kuburudisha moyo. Wanaisimu huliunganisha na shina lenye maana ya ufupi, kama vile jambo tamu linavyofanya muda uonekane umekwenda haraka. Hali ya hewa iliweza kuwa 'merry', na nchi, na sauti ya ndege. Upo wimbo wa zamani wa Krismasi, 'God rest you merry, gentlemen', ambao Waingereza wenyewe huukosea: wengi hudhani unawaita 'mabwana wenye furaha', kumbe unasema Mungu awadumishe katika heri, enyi mabwana, msifadhaishwe na lolote. Kiitikio chake kinatangaza habari za faraja na furaha. Faraja tena, palepale kando ya 'merry', kama kwenye barua ya Fisher.

Halafu kuna Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, na hapa nitakuwa mkweli kwa pande zote mbili. Luka 12, yule tajiri mpumbavu anayejiambia ule, unywe, ufurahi: neno lililotumika ni 'merry'. Nabali katika 1 Samweli 25, moyo wake umefurahi kwa kuwa amelewa sana: 'merry' tena. Mzee wetu angekuwa na mistari miwili mizuri hapo. Lakini fungua Luka 15. Mwana mpotevu amerudi, ndama aliyenona amechinjwa, wakaanza kushangilia: 'merry'. Fungua Mithali 17:22, moyo uliochangamka ni dawa nzuri: 'merry'. Na Yakobo 5:13, ule mstari ambao Biblia yetu ya Kiswahili inausema vizuri sana: "Mtu wa kwenu amepatikana na mabaya? Na aombe. Ana moyo wa kuchangamka? Na aimbe zaburi." Hapo pa kuchangamka pana neno lilelile, na mtume anampeleka mwenye kuchangamka kwenye zaburi. Neno moja linamtosha Nabali mlevi na linamtosha mwimba zaburi. Kama furaha yetu ya Kiswahili, ambayo nayo ipo harusini, ipo ibadani na ipo baa, na hakuna aliyewahi kushauri tuitoe kwenye tenzi.

Ushahidi mwingine unaotumiwa dhidi ya salamu hii ni kadi ya mwaka 1843. Ndiyo kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa. Henry Cole, mtumishi wa serikali jijini London aliyekuwa ameshiriki kuanzisha posta ya bei nafuu, alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley aichore, na iliuzwa shilingi moja. Ilitakia watu Krismasi ya 'merry' na mwaka mpya wenye furaha. Katikati kuna familia mezani, wazazi, mababu na watoto, wameinua glasi za divai, na mtoto mdogo naye ananyweshwa. Watu wa harakati za kupinga ulevi walikasirika, na kwa haki. Mtoto na divai ni picha mbaya karne yoyote.

Lakini kadi ile ina sehemu tatu. Kila upande wa familia hiyo kuna mchoro mwembamba. Mmoja unaonyesha maskini wakilishwa. Mwingine unaonyesha maskini wakivikwa nguo.

Mchoro huu wa pili ndio ninaoufikiria sana. Miaka 309 imepita tangu Fisher aandike kwamba hana shati, na salamu yake inapoingia dukani kwa mara ya kwanza inachapwa kando ya picha ya mtu asiye na nguo akipewa vazi. Sidai kwamba Horsley alikuwa na barua ile mezani. Ninachosema ni kwamba watu wa 1843 walipotaka kuchora Krismasi ya 'merry', walichora karamu na pia walichora sadaka, na waliokuja baada yao wakaitazama karamu peke yake. Desemba ya mwaka huohuo mwandishi Charles Dickens alitoa kisa chake cha Krismasi, ambamo bahili Scrooge, akitakiwa 'merry Christmas' na mpwa wake, anamuuliza ana haki gani ya kuwa 'merry' naye ni maskini. Kitabu kizima ni jibu la swali hilo.

Wapo Waingereza waliochagua njia ya kati. Mfalme George V alipohutubia kwa redio mwaka 1932, hotuba ya kwanza ya Krismasi ya kifalme, alimalizia kwa kuwatakia wote 'a happy Christmas', na ukoo wake umelipenda neno hilo tangu hapo. Kama kwa masikio yao lina heshima zaidi, hilo ni lao. Halimfanyi aliyesema 'merry' kuwa mlevi.

Imebaki hoja moja ambayo naiona ndiyo ya maana kweli: asili haitoshi, tunaishi na maana ya leo. Nakubali kwamba neno linaweza kuchafuka. Ila neno likishakaa ndani ya salamu, mara nyingi hubaki na maana ya salamu. Chukua 'shikamoo' yetu. Wengi hueleza kwamba imetokana na 'nashika miguu yako', na wapo wanaosema iachwe kwa kuwa inanuka utumwa. Bado mama anamwinamia mtoto wa miaka miwili akimfundisha, "Msalimie bibi, sema shikamoo," na bibi anajibu "Marahaba" bila yeyote kati yao kufikiria miguu ya bwana. Ni heshima, basi. Sijawahi kumwona mtu aliyeambiwa 'Merry Christmas' mlangoni mwa kanisa akaelewa anaagizwa kwenda kunywa. Ulevi wa Desemba una sababu zake, pesa ya mkupuo, kazi iliyosimama, marafiki wa zamani waliokutana, na kaya inayoumia kwa sababu hizo haitapona kwa kubadilishiwa neno kwenye kitambaa.

Pamoja na yote hayo, mimi mwenyewe nasema Heri ya Krismasi, na kwenye jumuiya za jirani zetu Wakatoliki nasema Heri ya Noeli. Nazipenda kwa sababu ni zetu, na kwa sababu nikizitazama kwa makini naona zimehifadhi kile ambacho Kiingereza kimekaribia kukipoteza. 'Heri' imetoka Kiarabu, khayr, wema. Hatuitumii kwa kicheko tu. Tunaagana nayo mtu anaposafiri. Tunaiweka kwenye methali ngumu, heri kufa macho kuliko kufa moyo, ambapo hakuna anayesherehekea. Na ndiyo neno waliloliteua waliotafsiri Hotuba ya Mlimani: "Heri walio maskini wa roho." Unaofuata: "Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika."

Heri na faraja ndani ya mstari mmoja. Faraja nayo ni Kiarabu, faraj, kufunguliwa kutoka kwenye dhiki. Kumbuka yale maneno mawili ya mfungwa, 'merry' na 'comfortable', na kwamba 'comfort' ya wakati huo haikuwa kiti laini bali kutiwa nguvu moyoni. Ukitaka kuitafsiri barua ile kwa Kiswahili huhitaji kuhangaika. Mathayo 5:4 imeshafanya kazi hiyo. Ndiyo maana inaniuma kusikia 'heri' ikitumika kama fimbo ya kuipiga 'merry', wakati kwa maana yao ni ndugu, na ndugu yule wa Kiingereza alikuwa gerezani bila shati alipotamkwa. Hata 'Krismasi' yenyewe, ambayo hatuigombanii, ni Misa ya Kristo: Kiingereza cha kale cha mwaka 1038 kinaiandika kwa maneno mawili, Kristo na misa, na misa hiyo ndiyo hii wanayokwenda jirani zetu alfajiri.

Bango letu basi nalitaka kwa Kiswahili, na mwaka huu nitakuwa wa kwanza kushika brashi. Kitu ninachokikataa ni kumwambia kijana wa kwaya kwamba alichoandika mwaka jana kilikuwa uchafu. Hakikuwa.

Nilimfuata mzee nyumbani kwake juzi, nikamsimulia habari za Fisher. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama shati lile aliletewa. Nikamwambia jibu lililo hakika ni la Juni tu. Alikaa kimya, halafu akanipa dakika kumi za mazoezi ya Jumamosi niwasomee vijana barua hiyo, kwa sharti moja, kwamba nianze na Luka 12, yule tajiri na maghala yake, kabla sijafika Mnarani.